Hakuna Neno la Ziada

Mtangazaji wa vifo alikuwa akimenya viazi jikoni, na mama yake, aliyefariki miaka mitatu nyuma, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha akimkosoa.

"Unamenya kama una ugomvi navyo," mama alisema. "Maganda hayo yangemshibisha mtu."

"Kisu butu, mama."

"Kisu hakina neno. Mkono ndio una haraka."

Ilikuwa jioni kama jioni nyingine. Mama alikuja jua lilipopunguza ukali, akapitia mlango wa nyuma kwa sababu wa mbele ulikuwa unakwama, akavua viatu na kuketi. Hakula kitu wala hakunywa. Alichokifuata ni mazungumzo. Alipokuwa hai alikuwa mtu wa maneno, na kufa hakukumpunguzia hata moja. Aliongea habari za jirani wa zamani aliyekuwa akicheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake, habari za sufuria lililong'oka mkono, habari za pazia la bluu alilolinunua kwa kukopa na kulipenda kuliko alivyompenda mumewe. Binti yake alimenya, akasikiliza, na mara mojamoja akafuta mikono ili aandike jambo pembeni mwa karatasi.

Redioni kazi yake ilikuwa kusoma matangazo ya vifo, mchana na jioni. Sauti yake ilikuwa nzito na haina haraka, na sokoni watu walimwita Bi Tanzia. Wauza nyanya walimsalimia kwa heshima na hawakupenda awaulize majina yao. Yeye hakujali. Tangu mama yake aanze kumtembelea, alikuwa akiandika riwaya.

Riwaya ile ilihusu dunia iliyokauka. Mito ilikwisha, bahari ikarudi nyuma mpaka ikapotea machoni, watu wakafungasha wakaenda wasikokujua. Katika jengo moja la ghorofa walibaki mama na binti. Walikuwa na pipa la maji, kikombe kimoja, na muda. Mama wa kitabuni aliongea kutwa. Alitaja kila kitu walichowahi kuwa nacho, rangi yake, mahali kiliposimama, nani alikivunja. Kitabu kilianza hivi: "Nilikuwa na mama, na mama yangu alikuwa na maneno mengi kuliko maji." Kilikuwa na kurasa zaidi ya mia nne, na jina lake lilikuwa *Vyote Tulivyokuwa Navyo*.

Alipokimaliza hakuwa na haja ya kuhangaika kutafuta mchapishaji. Mdogo wake alikuwa mhariri mkuu katika kampuni ya vitabu mjini, na waandishi walimwita Mkasi. Walimwita hivyo mbele yake, naye alitabasamu. Alikuwa mwembamba, mwenye kucha safi, na ofisi yake ilikuwa na meza, viti viwili na saa ya ukutani. Hapakuwa na picha wala ua.

Alikisoma kitabu kwa wiki mbili, kisha akamwita dada yake.

"Dada, umeandika jambo kubwa," alisema. "Ila limezama. Dunia yako imekauka, lugha yako ina mafuriko."

"Mafuriko gani?"

"Tazama hapa. Kikombe kimekuwa cha bati, cheupe, chenye ufa kama unywele, kilichonunuliwa siku ya mvua. Mtu anasoma hapo anashiba. Mimi nataka asikie kiu. Mtu hawezi kufa kwa kiu huku amezungukwa na vivumishi."

Bi Tanzia alifikiri. Hakuwa mtu wa kubisha kwa ajili ya kubisha.

"Wanaokuja dirishani pangu redioni wamefiwa," alisema. "Sijamwona hata mmoja aliyekuja na maneno machache. Wanataka wajukuu wote watajwe, na yule aliye safarini, na jirani aliyemuuguza marehemu, na kwamba marehemu alipenda kuimba. Mtu akipoteza kitu ndipo anapokitaja. Dunia ikiisha hakutakuwa kimya, mdogo wangu. Itakuwa msiba."

"Msibani watu huongea kwa sababu wako wengi. Wako hawa ni wawili."

"Ndiyo maana huyu mama anaongea kwa ajili ya wote."

Mkasi alitoa kifuniko cha kalamu nyekundu akakirudisha.

"Umesema vizuri," alisema. "Lakini hebu jisikilize. Hilo ulilolisema ni sentensi moja, na imetosha."

Dada alicheka kidogo, kwa kuwa alikuwa amenaswa. Alimpenda mdogo wake na aliamini anaijua kazi yake. Walikuwa wamekua mbalimbali. Baba yao alipofariki, mama alimpeleka mvulana kwa mjomba akasome, akabaki na binti. Mvulana alikuwa na miaka tisa. Aliondoka na begi na jozi ya viatu vilivyomzidi ukubwa, na likizo za kurudi nyumbani zilikuwa zikiahirishwa, mara nauli, mara mjomba anaumwa. Aliporudi alikuwa mtu mzima na amezoea.

"Fanya unavyoona inafaa," dada alisema. "Punguza vikombe, punguza mapazia. Ila mama usimguse. Maneno yake yaache kama yalivyo. Ni yake, mimi nilikuwa naandika tu."

"Mama simgusi."

"Niahidi."

"Nakuahidi, dada."

Akamsindikiza mpaka mlangoni. Hapo akauliza, huku akitazama korido, "Bado anakuja?"

"Kila jioni."

"Ananiulizia?"

"Anakuulizia," dada alisema. Ilikuwa kweli. Mama alikuwa akimuulizia kama mtu anavyouliza kama kule mvua imenyesha.

"Nimeona humu kitabuni hamna mtoto wa kiume," Mkasi alisema.

"Ni hadithi tu, mdogo wangu."

"Naam," alisema, akamfungulia mlango.

Uhariri ulianza mwezi uliofuata. Wiki ya kwanza Bi Tanzia alirudi kutoka kazini akakuta pazia la jikoni halina rangi. Halikuwa limepauka wala kufuliwa vibaya. Lilikuwa limeacha tu kuwa la bluu. Alilishika, akaona kitambaa ni kilekile, akawasha jiko. Siku mbili baadaye kikombe cha bati kilipoteza ufa wake, kisha kikapotea chenyewe. Alitafuta kingine kabatini akanywea hicho. Sufuria lililong'oka mkono liliondoka. Harufu ya mvua ya kwanza, ambayo ilikuwa imekaa muda mrefu pembeni mwa kabati bila kumsumbua mtu, nayo iliondoka. Kabati likafuata.

Alimpigia mdogo wake simu.

"Naona umefika sura ya nne," alisema.

"Umejuaje?"

"Kabati halipo."

"Ah. Ndiyo, kabati nimelitoa. Lilikuwa linachelewesha hadithi."

"Nilikuwa nahifadhi sukari humo."

"Pole, dada. Lakini ukisoma sasa utaona. Chumba kitupu kinatisha zaidi."

Alikubali kwamba chumba kitupu kinatisha zaidi. Aliiweka sukari dirishani. Jirani wa chini alipopanda kuazima kamba aliona nyumba imekuwa pana akauliza kama anahama. Alimwambia hapana, anachapisha kitabu. Jirani akaitikia kwa kichwa, akachukua kamba akashuka.

Kilichomtia wasiwasi ni mama. Mama aliendelea kuja, lakini alikuja na maneno pungufu. Mwanzoni aliacha kusimulia habari za jirani. Kisha akaacha kukosoa umenyaji. Jioni moja alivua viatu, akaketi, akatazama viazi kwa muda, akasema, "Viazi."

"Ndiyo, mama, viazi."

Mama alifungua mdomo kama mtu anayetaka kuendelea, akaufunga. Alionekana mwenye aibu, kama mgeni aliyesahau alichotumwa.

Bi Tanzia alipiga simu tena.

"Mama anaongea kidogo siku hizi. Umemgusa?"

"Uzee huo, dada."

"Wafu hawazeeki."

"Basi atakuwa amechoka. Mimi nashughulika na vivumishi tu. Si nilikuahidi?"

Sauti yake ilikuwa tulivu, nayo ilikuwa sauti ya mtoto aliyelala naye kitanda kimoja kabla hajapelekwa kwa mjomba. Dada alimwamini. Alipopelekewa karatasi za mwisho azipitie kabla ya kuchapwa, yalikuwa yametokea maafa ya basi barabara kuu, na redioni walikuwa wakisoma majina mfululizo. Alimwambia mdogo wake aendelee, yeye hana shaka naye.

Siku mashine zilipoanza kuchapa, mama hakuja. Bi Tanzia aliuacha mlango wa nyuma wazi mpaka giza likaingia na wadudu wakajaa jikoni. Kigoda kilikuwa kimeondoka asubuhi ile. Kesho yake mama hakuja, na kesho kutwa hakuja.

Kitabu kilimfikia kazini kwa tarishi. Kilikuwa chembamba, jalada jeupe, na jina limekatwa: *Vyote*. Alikisoma akiwa amekaa studio, kati ya matangazo ya mchana na ya jioni, mlango umefungwa.

Kilianza: "Nilikuwa na mama." Halafu nukta. Sentensi iliyofuata ilikuwa, "Maji yalikwisha." Mama hakuonekana tena. Mle ndani binti alikuwa peke yake na pipa, anaishi, anapima maji, anatazama mahali bahari ilipokuwa. Hakuna aliyeongea. Ukurasa ulikuwa na mistari michache na weupe mwingi, na ule weupe uliunguza macho kama chumvi.

Kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililomuuma. Kama mdogo wake angekiharibu, angemkasirikia akamaliza. Lakini alisoma mpaka mwisho koo likiwa limekauka, na alipofika ukurasa wa mwisho alikunywa maji yote yaliyokuwa kwenye chupa ya studio na kiu haikuisha. Mafundi mitambo walimwashia taa nyekundu. Alisoma matangazo ya jioni bila kukosea jina, kisha akapanda basi kwenda kwa mdogo wake.

Alikuwa hajafika pale muda mrefu. Wifi yake ndiye aliyemfungulia, na hakuweza kufungua zaidi ya nusu, kwa sababu nyuma ya mlango palikuwa na kabati.

"Pita kwa ubavu, wifi," alisema. "Tumebanana humu kama tuko safarini. Mimi nimemwambia kaka yako—"

"Mdogo wangu."

"Nimemwambia huyo mdogo wako, ama vitu ama mimi. Kila akirudi kutoka kazini kuna kitu kipya kimefika kabla yake. Jana nimekuta tena pazia juu ya pazia. Na hiyo harufu ya mvua inanitia mafua."

Bi Tanzia alipita kwa ubavu. Kwenye korido kilining'inia kile kikombe cha bati chenye ufa kama unywele. Pazia la sebuleni lilikuwa la bluu, bluu kweli, mpaka ukuta ulio jirani nalo ulikuwa umeambukizwa. Palikuwa na sufuria, mkeka ulioungua pembe moja, kengele ya baiskeli, taa mbili za mafuta, mwanga wa asubuhi fulani uliokuwa umelala juu ya kochi ingawa nje kulishaingia giza. Yote aliyafahamu. Yote alikuwa ameyaandika.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake katikati ya sebule, miguu imenyooshwa, na watoto wa Mkasi wawili wamemlalia mapajani.

"...basi yule jirani anaanza kusimulia, hajafika hata nusu, tayari ameshika mbavu anacheka," mama alikuwa akisema. "Na sisi tunacheka kwa sababu yeye anacheka. Mpaka leo hakuna anayejua kichekesho chenyewe kilikuwa nini." Akainua macho. "Mwanangu. Umekonda. Kaa, kama utapata pa kukaa."

Bi Tanzia alikaa juu ya mkeka.

"Nimekusubiri," alisema.

"Najua. Nilikuwa nakuja kama kawaida. Nikapinda ile kona, nikakuta mlango wa huyu. Nikajaribu tena kesho yake, nikaukuta tena. Njia yako hainifikishi siku hizi."

"Twende tukajaribu pamoja."

"Nimekwisha jaribu na mjukuu ananishika mkono. Tulitembea mpaka miguu ikamuuma, tukatokea hapahapa jikoni." Mama alimshika mtoto kichwa. "Nawe hukuwahi kuniambia kwamba mdogo wako ana nyumba nzuri. Ana watoto wasikivu. Mlango wake wa nyuma haukuwa umefungwa, unajua? Wifi yako anasema mumewe ameuacha wazi kila jioni miaka yote mitatu. Alikuwa amenunua hata kigoda. Sasa viko viwili."

Mkasi alikuwa amesimama kwenye korido, begi bado liko mkononi. Dada yake alimfuata huko. Ilibidi wasimame wakiwa wamekaribiana sana, kwa sababu ya kabati.

"Uliniahidi," alisema.

"Kitabu kimekuwa kizuri."

"Nimekisoma. Ni kizuri."

"Hakikuhitaji mama, dada. Msichana akiwa peke yake, kila kitu kinasimama. Akiwepo yeye na maneno yake, hakuna upweke. Ningefanya hivyo hata kama kingekuwa kitabu cha mtu mwingine."

"Na ulijua atakuja wapi."

Mkasi alitazama kikombe ukutani.

"Baada ya pazia nilijua," alisema.

"Ungeniambia. Ungeniomba siku mbili kwa wiki. Ningekupa."

"Kurasa zaidi ya mia nne, dada, na hukunitaja hata pembeni. Umetaja mpaka kengele ya baiskeli."

"Ilikuwa hadithi."

"Na huu ulikuwa uhariri."

Sebuleni mama alikuwa ameanza kisa kingine, na watoto walikuwa wakimwuliza maswali. Wifi alikuja na ufagio, akawaangalia wote wawili, akarudi alikotoka. Bi Tanzia hakupandisha sauti. Alimwambia mdogo wake kwamba katika toleo la pili sura za mama zirudishwe. Si zote. Tatu tu, zile za jioni, ili mama apate njia. Vitu vingine abaki navyo. Kabati abaki nalo.

Mkasi akasema sawa. Alisema mbele ya wifi, ambaye alikuwa amerudi na ndoo, na wifi akasema, "Umesikia mwenyewe, mimi ni shahidi." Wakapeana mikono kama watu wa biashara. Dada alirudi nyumbani akiwa amechoka lakini si mwenye chuki, na jioni alizofuata alikwenda kwa mdogo wake mara kwa mara kumwona mama. Alikaa kwenye mkeka, kwenye zamu yake, baada ya watoto. Mama alimwongelesha kama mama anavyomwongelesha binti aliyeolewa mbali.

Kitabu kilipata tuzo kikiwa hivyo hivyo. Katika ukumbi wenye viti vya kukodi, mwenyekiti wa majaji, profesa mwenye sauti ya kukwaruza, alieleza kwamba kwa muda mrefu watu wamekuwa wakijiuliza mwisho wa dunia uandikwe kwa lugha gani, na kwamba sasa jibu limepatikana. Alisema lugha ya *Vyote* ni mfupa uliosafishwa. Alisema hakuna neno la ziada. Watu walipiga makofi marefu. Profesa mwenyewe aliongea mpaka chakula kikapoa.

Mwandishi wa habari alimsogezea Bi Tanzia kipaza sauti.

"Kwa nini uliamua kutumia maneno machache hivi?"

"Si mimi niliyeamua," alisema.

Watu walipiga makofi tena, wakiuona ni unyenyekevu. Mkasi, aliyekuwa amekaa safu ya mbele na mkewe, alipiga pia. Kisha alipanda jukwaani akamkumbatia dada yake, akamnong'oneza, "Toleo la pili liko mashineni." Shati lake lilikuwa likinukia mvua.

Bi Tanzia alisubiri. Alinunua kigoda kipya akakiweka karibu na dirisha. Alimwita fundi akarekebisha mlango wa mbele usikwame, ili mama apitie popote atakapo. Redioni waliona anasoma matangazo kwa sauti iliyochangamka, na meneja alimwita akamkumbusha kwa upole kwamba watu wamefiwa.

Toleo la pili aliliona dukani kabla mdogo wake hajamletea. Lilikuwa limepangwa juu ya meza mbele, jalada lina muhuri wa tuzo. Alilichukua akahisi halina uzito. Akamuuliza muuza vitabu kama ndilo hilo au ni sehemu tu.

"Ndilo hilo," muuza vitabu alisema. "Limeboreshwa. Wamepunguza tena kidogo. Wateja wanalipenda, mtu analimaliza akiwa kwenye foleni."

Alilifungua. Sentensi ya kwanza ilikuwa, "Maji yalikwisha."

Alisoma tena, kwa kidole. Alifungua ukurasa uliofuata na uliofuata huo. Mama hakuwa amerudishwa. Ile sentensi moja aliyobakiwa nayo, yenye maneno matatu, nayo ilikuwa imetolewa. Alikirudisha kitabu mahali pake, akanyoosha safu ili visianguke, akamshukuru muuza vitabu.

Alifika kwa mdogo wake jioni ikiwa bado na mwanga. Wifi alimfungulia, akamtazama usoni, na badala ya kulalamika akasogea ili apite.

"Sikujua, wifi," alisema. "Naapa. Mimi nilikuwa shahidi wa lile mlilokubaliana."

Mkasi alikuwa sebuleni, amekaa sakafuni karibu na kigoda cha mama, bila viatu. Aliposimama, dada yake aliona jinsi alivyonenepa. Alikuwa na rangi nzuri. Alifungua mdomo aseme jambo, akaliacha, kama ilivyokuwa tabia yake kwenye karatasi za watu.

Mama ndiye aliyeongea. Aligeuka, akakunja macho kidogo, akatabasamu tabasamu la kumpa mtu asiyemfahamu.

"Karibu, mgeni," alisema. "Karibu ndani. Wewe mwanamke, mpe mgeni kiti. Usisimame mlangoni, mama, utafikiri umekuja kudai. Nyumba hii ina vitu vingi lakini watu tunaenea."

Wifi alileta kiti. Bi Tanzia alikaa. Watoto walimwamkia, wakamwita shangazi, na mama akaona ni adabu njema kumwita mgeni shangazi. Chai ililetwa. Alipewa kikombe cha wageni, kile chenye kisahani.

"Sauti yako kama nimewahi kuisikia," mama alisema, Bi Tanzia alipoitikia salamu.

"Natangaza redioni."

"Basi ndipo hapo. Mimi mwanangu huyu ni mtu wa vitabu. Ninaye huyu mmoja tu, na amenitunza, hata siwezi kukueleza." Mama alimpigapiga Mkasi begani. Mkasi alikuwa akitazama zulia. "Na wewe, wazazi wako wapo?"

"Baba alifariki zamani."

"Pole. Na mama?"

Wifi alikuwa amesimama na birika, hamimini. Mkasi aliinua macho kwa mara ya kwanza, akamwangalia dada yake kama mtu anayesubiri aone kalamu itaangukia wapi.

"Yupo," Bi Tanzia alisema. "Anakaa kwa mdogo wangu."

"Vizuri. Unakwenda kumwona?"

"Nakwenda."

"Usichoke kwenda," mama alisema. "Wazee tunapenda kuongea, na watu hawana nafasi siku hizi. Ukifika, msalimie sana."

"Salamu zitafika," alisema, akanywa chai yake.